Wandani wa shujaa kwa stori za fantasi: nani aingie safarini na nani abaki nyumbani?

JaDunga (mleta uzi):
Wasee habari zenu. Kuna stori ya fantasi naandika kwa Kiswahili na imekwama mahali pamoja tu, kwa hawa watu wa kumsindikiza shujaa. Shujaa wangu ni msichana wa huku ziwani, mvua imekatika, samaki wameenda chini kabisa, na inabidi aende kwa miguu mpaka Mlima Elgon, kwa yale mapango ndovu huingia usiku kukwangua chumvi ukutani na pembe zao (hiyo sijatunga, pango la Kitum liko hivyo kweli). Ni safari ndefu, avuke Yala, apite msitu wa Kakamega, avuke Nzoia, na kila mtu nimemsomea ananiambia muongezee marafiki, safari ya mtu mmoja inaboo. Sawa, nimeongeza. Saa hii ako na watu sita nyuma yake na wote ni ndio ndio kila akifungua mdomo. Vita ikija wanapigana, usiku ukiingia wanalala. Nikiwatoa wote stori haibadiliki hata kidogo, na hapo ndio nimejua kuna shida.

Nimekaa nikafikiria hawa watu huwa na kazi gani haswa, na naona ni hivi: mwandani ambaye hana safari yake mwenyewe ndani ya safari ya shujaa ni mzigo tu. Lazima kuna kitu anakitaka yeye, na siku moja hicho kitu kigongane na chenye shujaa anataka.

Cheki ile hadithi kubwa ya Wachina, Safari ya Kwenda Magharibi, ya mtawa anayetumwa kuleta vitabu vitakatifu. Wale wote wanaomsindikiza wana kesi mbinguni. Sun Wukong, yule nyani, aliasi mbingu. Zhu Bajie mwenye uso wa nguruwe alifukuzwa kwa kumsumbua binti wa mwezini. Sha Wujing alivunja kikombe kwa karamu, hiyo tu. Hata farasi si farasi, ni mtoto wa mfalme wa majoka aliyechoma lulu ya babake. Hakuna hata mmoja aliingia njiani kwa kumpenda mtawa, wako hapo wafutiwe makosa. Na mimi Bajie ndio ananibamba kuliko wote juu shida ikitokea kidogo tu anasema haya tugawane mizigo, mimi narudi kwa bibi yangu. Mwandishi akiwa na mtu kama huyo hana shida tena, maana kila Bajie akisema turudi, wengine inabidi wajibu kwa nini wanaendelea.

Nyinyi mnaonaje? Nibaki na wangapi?

NakuruGema:
Buda unajiumiza kichwa bure, hii kitu ilishatatuliwa kitambo. Marekani 1974 walitoa gemu ya mezani ya kuigiza safari kama hizi, Dungeons & Dragons na kazi zikagawanywa, kuna wa kupigana, kuna wa uchawi, kuna kasisi wa kuponya, halafu baadaye wakaongeza mwizi wa kufungua kufuli na kunusa mitego. Wanne. Huku Nakuru tukikaa mezani kucheza kila mtu anajua nafasi yake na hakuna mtu anakuja kuwa pambo. Weka watu kulingana na shida zenye ziko njiani. Kuna mto, weka mvuvi. Kuna msitu, weka mwindaji. Kuna ugonjwa, weka mganga. Imeisha hiyo.

JaDunga (mleta uzi):
@NakuruGema hapana omera, na nitakwambia kwa nini kwa gemu inafanya kazi na kwa kitabu inakufa. Kwa meza yenu, nyuma ya yule kasisi kuna msee mzima amekaa, ako na njaa yake, ubishi wake, pengine jana mlikosana juu ya pesa ya soda. Huyo ndio anafanya kasisi akatae kumponya mwenzake kwanza mpaka aombwe vizuri. Kwa karatasi hakuna mtu nyuma, ni mimi peke yangu, kwa hivyo nikiandika "mganga" ninapata chupa ya dawa yenye miguu. Nikiwa na mganga ambaye anaenda Elgon juu kuna mtu alimuua kwa dawa mbaya na anatoroka ndugu za marehemu, hapo sasa naanza kuona mtu.

Ticha_Kakamega:
Mulembe nyote. Mleta uzi, umeanza mbali sana, China, na hapa kwetu pwani kuna Fumo Liyongo ambaye kila mwaka nafundisha na kila mwaka wanafunzi wanamwangalia Liyongo peke yake, urefu wake na nguvu zake na upinde wake. Mimi nawaambia mwangalieni Saada.

Kwa wasiojua: Liyongo amefungwa gerezani, sultani anataka auawe. Mamake anamletea chakula kwa mkono wa mjakazi, Saada. Walinzi kila siku wananyang'anya chakula kizuri. Sasa Liyongo anamtuma Saada na ujumbe umefichwa ndani ya wimbo, kwamba mama aoke mkate wa wishwa, ule mbaya mbaya, na ndani yake atie tupa. Saada anapita, walinzi wanaona ni mkate wa makapi wanamtukana na kumwachia apite nao. Halafu usiku wa ngoma ya gungu, watu nje wanapiga matoazi na kuimba nyimbo zenye Liyongo mwenyewe amewafundisha, na yeye ndani anakereza minyororo na hakuna anayesikia kwa sababu ya kelele. Ebu hesabuni ni wandani wangapi hapo. Mama, Saada, na mji mzima unaoimba bila kujua unasaidia nini. Shujaa alifanya kazi ya kukata chuma tu.

Halafu angalieni nani anamuua. Ni mtoto wake mwenyewe, ameahidiwa kuozwa binti wa sultani, anamdunga baba kitovuni na sindano ya shaba akiwa amelala. Kwa hivyo mtu wa karibu ndiye anayemfungulia mlango na mtu wa karibu ndiye anayemfungia, na hao wote sultani hangeweza kuwafikia bila kujua kila mmoja anataka nini. Hapo nakubaliana na wewe kuhusu kila mtu kuwa na safari yake. Lakini nina swali kwako: Saada alitaka nini? Utenzi hautuambii. Anabeba mkate, anabeba ujumbe, anatukanwa mlangoni, kisha anapotea kwa stori. Na bado bila yeye hakuna Liyongo. Kwa kanuni yako huyo ni mzigo, sivyo?

JaDunga (mleta uzi):
Mwalimu umenishika pazuri. Mimi nasema Saada si mzigo, Saada ni deni. Mtunzi alimtumia na hakumlipa. Na ndio maana karne zote hizi mtu akisoma anabaki anajiuliza habari yake. Ningekuwa naandika leo ningeanzia mlangoni pa gereza, na yeye na kikapu, na walinzi, akiamua kama leo atapeleka ujumbe au atauuza. Yeye tu ndiye alikuwa na uwezo wa kumuuza Liyongo kabla ya huyo mtoto, na hakumuuza, na hatuambiwi kwa nini.

Mama_Omena:
Wanangu nimesoma yote kimya nikaona niulize moja, huyo msichana na watu wake sita wanakula nini? Kutoka Kisumu mpaka Kakamega peke yake ni kama kilomita 50, hapo hamjafika hata Webuye, na hamjaniambia nani anabeba sufuria. Stori hizi zenu watu wanatembea mwezi mzima na upanga.

Na hiyo ya kila mtu na lake, kwetu ziwani iko wazi. Watu wa omena wakiingia usiku na taa, kwa boti moja, hakuna aliyepanda kwa sababu anampenda mwenye boti. Mmoja ana karo, mmoja anatoroka kesi ya mahari, mwingine ndio kwanza anajifunza na anatapika mpaka asubuhi. Asubuhi wakigawana kila mtu anahesabu ya kwake na jicho liko kwa mkono wa mwenzake. Lakini dhoruba ikipiga kati ya usiku watavuta kamba moja, hawaulizani. Andika hiyo ya usiku na uandike na ya asubuhi, wengi mnaandika ya usiku tu.

kijana_wa_Mumias:
Mama umemaliza 😂 nani anabeba sufuria

Lakini hiyo ya sufuria iko kwa Tolkien walai, yule wa The Lord of the Rings, Frodo akibeba pete ya uchawi kwenda kuiharibu motoni huko Mordor, nchi ya adui. Sam, mtumishi wa Frodo, anabeba sufuria zake mpaka ndani ya Mordor kabisa ndio anazitupa, na anazililia. Watu wanafikiri Sam ni mzuri juu ni mwaminifu. Mimi naona Sam ni mzuri juu ako na mahali pa kurudi, ako na bustani, ako na Rosie. Frodo kadiri anavyotembea ndio nyumbani kunamtoka kichwani, hawezi kukumbuka hata ladha ya chakula, na Sam anakumbuka kwa niaba yake. Huyo hakuwekwa hapo apigane, ni mkulima wa maua.

Halafu cheki hesabu. Wanaanza tisa dhidi ya wapanda farasi tisa wa adui, inakaa vizuri, kila jamii imetoa mtu wake. Kufika mwisho wa kitabu cha kwanza, 1954 hiyo, kikundi kimevunjika. Gandalf, yule mchawi mwenye nguvu kuliko wote, ameanguka Moria, Boromir amejaribu kunyang'anya pete, Frodo na Sam wameingia mashua wakaenda. Kwa nini mwandishi aunge watu tisa halafu awatawanye haraka hivyo? Juu tisa hawawezi kuongea. Ukiandika moto usiku na watu tisa wamekaa, wawili wanaongea na saba ni kama magogo.

Na Boromir wasee wanamchukia bure. Yeye nchi yake iko vitani saa hiyo hiyo wanatembea. Ako na sababu nzuri kuliko wote ya kutaka hiyo silaha. Mtu mbaya asiye na sababu ni rahisi kuandika, jaribu mtu mzuri mwenye sababu inayouma.

JaDunga (mleta uzi):
@kijana_wa_Mumias hiyo ya Gandalf kuanguka nataka niikalie kidogo maana inanihusu. Kwa mbogi yangu kuna mzee mvuvi, mtu mzito, anajua dawa, anajua njia, anaongea na viboko. Na kila msichana akipata shida wasomaji wanauliza si mzee afanye? Si wana haki jamani. Ukiwa na mtu mwenye nguvu kuliko shujaa na yuko hapo, basi shujaa ni yeye.

Wagiriki wa zamani walikuwa na hii shida mbaya sana. Jason anaenda kutafuta ngozi ya dhahabu, anajaza meli ya Argo na mashujaa kama hamsini hivi, na kati yao ako Herakles. Herakles! Mtu wa kuua simba kwa mikono. Sasa Jason atafanya nini na Herakles kwa meli? Basi wanafika nchi ya Mysia, kijana Hylas anaenda kuteka maji, majini ya chemchemi yanamvuta ndani, Herakles anazunguka msituni akimwita, na meli inang'oa nanga bila yeye. Wengine wanasema ni bahati mbaya, mimi nasema ni mtunzi amepumua. Na zaidi ni kwamba hakumtoa kwa kumuua, alimtoa kwa kitu Herakles anakipenda. Hao wengine wote kwa meli wengi ni majina ya orodha tu, ila Orpheus, ambaye kazi yake kubwa inafika siku ya Ving'ora, wale wanawake wa baharini wanaoimba mabaharia mpaka wazame, yeye anapiga kinubi kuwazidi. Siku hiyo moja peke yake inatosha, hakuna mtu anasema Orpheus ni wa bure.

Kwa hivyo mzee wangu anabaki Yala. Sijui bado ni kwa nini lakini itakuwa ni kitu anakipenda.

Msomaji_Kapsabet:
Nimengoja nione kama kuna mtu atamtaja Luanda Magere na nyote mmekwepa, na mleta uzi ni Mjaluo kabisa. Basi nitamtaja mimi wa upande ule mwingine.

Mnavyosimulia nyinyi wa Kano ni kwamba alikuwa na mwili kama jiwe, mikuki inagonga inaruka, na akatushinda sisi Lang'o, yaani Wanandi kwa masimulizi mengi, vita baada ya vita. Wazee wetu wakakaa wakampelekea binti mrembo awe bibi yake. Wazee wenu wakamkanya, hakusikia. Siku moja akaugua, akamwambia huyo binti achanje kivuli chake apake dawa. Akachanja, damu ikatoka kwa kivuli. Binti akatoroka usiku akaleta habari, vita iliyofuata mtu wetu akarusha mkuki kwa kivuli, jitu likaanguka likawa jiwe, na jiwe mpaka leo linaonyeshwa huko Kano, wanasema wawindaji walikuwa wakinoa mikuki hapo wapate bahati.

Sasa swali langu. Luanda Magere alikuwa na wandani? Alikuwa na jeshi, ukoo, bibi wa kwanza. Mwandani hakuwa naye. Hakuna mtu wa rika lake aliyejua habari ya kivuli, mtu wa kumwambia leo usichanjwe na huyu, nichanje mimi. Siri ilimjaa akaimwaga kwa mtu wa kwanza aliyekaa karibu na kitanda.

Na pili, mnamuita huyo binti msaliti. Ebu pindueni. Msichana anatolewa kwao, anatumwa peke yake kwa nchi ya adui, haijulikani anatafuta nini, anaishi na mtu aliyeua ndugu zake, anapika, anamuuguza, anagundua, anatoroka usiku na anafika nyumbani na siri. Hiyo si safari ya shujaa? Tena bila mwandani hata mmoja. Kwa masimulizi mengi hata jina hana, ni bibi wa Lang'o tu, sawa na Saada wa mwalimu.

NakuruGema:
Eeeh hiyo imeingia. Kumbe mwandani wa mtu ni shujaa wa kwao

Ticha_Kakamega:
@Msomaji_Kapsabet umenipa mtihani wa muhula ujao, shukran. Naongeza kitu kimoja. Kuna Gilgamesh, mfalme wa Uruk, stori ya vibao vya udongo kutoka Iraq ya leo. Watu wa Uruk wanalalamika kwa miungu kwamba mfalme wao amewachosha, hawaachi vijana, haachi wasichana. Miungu inafanya nini? Haimpigi radi. Inafinyanga mtu wa udongo, Enkidu, nguvu sawa na yeye, ili wagongane. Wanagombana mlangoni, wanashindwa kushindana, wanakuwa ndugu. Mwandani hapo aliletwa kwa sababu ya wananchi, kuwapunguzia shujaa wao.

Na Enkidu anakufa katikati, tena kwa ugonjwa, kitandani, baada ya wao kumuua Humbaba na fahali wa mbinguni. Gilgamesh anakataa azikwe mpaka funza anatoka puani mwa maiti. Hapo ndipo anaanza safari yake ya kweli, kutafuta dawa ya kifo. Zile vita za mwanzo zilikuwa za sifa. Waandishi wengi vijana wananiletea insha ambapo rafiki anakufa ukurasa wa mwisho ili watu walie. Ukimuua mwisho umepata machozi tu. Ukimuua katikati, kila hatua inayobaki inatembewa na huyo aliyekufa.

kijana_wa_Mumias:
Na msisahau Gollum kwa Tolkien, yule kiumbe aliyekuwa na hiyo pete zamani. Adui lakini ndiye anajua njia, na mlimani Frodo anashindwa kabisa, anasema pete ni yangu, ni Gollum anamng'ata kidole na kuanguka nayo motoni. Kazi yote ya vitabu vitatu inamalizwa na mwandani ambaye hakuna mtu alimtaka. Na alikuwa hai juu watu walimhurumia njiani, kwanza Bilbo aliyemlea Frodo, halafu Frodo mwenyewe.

JaDunga (mleta uzi):
Sasa sikizeni, nimekaa na haya yote na nimefyeka.

Wapiganaji wawili nimetoa, walikuwa mtu mmoja mara mbili. Mganga anabaki, yule wa ndugu za marehemu. Mzee wa viboko anaishia Yala. Mama, sufuria inabebwa na mpishi, mwanamke mkubwa kidogo, anaenda Elgon kuchukua chumvi aje aiuze soko la Kibuye, Kisumu, kwa faida, na yeye peke yake ndio hataki mvua irudi haraka, juu ukame ndio umepandisha bei ya chumvi ya kuhifadhi samaki wachache waliobaki. Hiyo imetoka kwa boti yako ya asubuhi moja kwa moja.

Halafu kuna mwizi wa ng'ombe kutoka milimani, ndio Gollum wetu, anajua mapango. Na wa mwisho ni msichana wa Nandi, rika moja na shujaa wangu, ametumwa na wazee wake ajue siri ya watu wa ziwa. Msomaji ataambiwa hiyo mapema kabisa, chapta ya pili, shujaa wangu hataambiwa. Nataka kila wakikaa kwa moto msomaji awe na wasiwasi na bado awapende wote wawili. Na mtu wa kufa katikati ni mganga, kwa Nzoia, na atakufa kwa homa.

Msomaji_Kapsabet:
Huyo wetu apewe jina. Ukimuita bibi wa Lang'o nitafunga safari mpaka Dunga.

Mama_Omena:
Mpishi wangu asiwe mbaya tu. Yeye ndio anajua bei ya kila kitu, na kwa pango gizani anayejua uzito wa gunia la chumvi kwa mgongo ndio atajua ndovu gani ameshiba chumvi na gani hajashiba.

NakuruGema:
JaDunga leta hao watu Nakuru tuwacheze mezani kabla uandike. Kila mtu anapewa karakta na karatasi yenye anachotaka, kwa siri, wengine hawaoni. Ukikaa pale uandike tu venye wanabishana. Si ulisema kwa gemu kuna mtu nyuma yake, basi tukukopeshe watu.

JaDunga (mleta uzi):
Hiyo nakubali. Wikendi ya mwisho wa mwezi, naja na rasimu ya Yala mpaka Nzoia peke yake.

kijana_wa_Mumias:
Mwizi wa ng'ombe ni wangu, msinipangie mtu mwingine.

Ticha_Kakamega:
Mganga nichukue mimi, nimezoea kufa katikati ya muhula. Lakini mleta uzi usiniambie nitakufa mto gani, hiyo karatasi yangu uikunje.